Mke wangu ameifua pama ya babu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 41, ninaishi Buhongwa hapa Mwanza na mke wangu na watoto wetu wawili. Riziki yangu ni dagaa. Ninanunua Mwaloni Kirumba na kusafirisha mikoani. Mke wangu ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kushonea Mabatini. Katika miaka 13 ya ndoa hatujawahi kununiana zaidi ya usiku mmoja. Leo ni siku ya tisa hatuongei, na chanzo ni kofia.

Napenda kofia za kiume za zamani, zile zenye ukingo ambazo huku kwetu zote tunaziita pama. Kapelo sivai. Nikiona pama nzuri kichwani mwa mzee pale stendi, nageuka kuitazama kama vijana wanavyogeuka kutazama gari. Mapenzi haya niliyapata kwa babu mzaa baba, kule Magu. Mwaka 1968, alipouza pamba yake, aliingia mjini Mwanza akanunua pama ya kijivu yenye utepe mweusi, na ndani ukanda wa ngozi ulioandikwa kwa dhahabu. Hakuwa na koti la maana wala viatu vya pili, lakini kofia alikuwa nayo. Akirudi gulioni ananivika mimi. Inanifunika mpaka puani, sioni kitu, nasikia tu harufu ya tumbaku na jasho lake, naye anacheka. Alipofariki mwaka 2009, baba zangu wadogo waligawana ng'ombe. Mimi niliomba kofia, nikapewa.

Mke wangu hajawahi kuzipenda. Anasema nikivaa pama watu wanadhani ameolewa na rika la baba yake. Wenzangu Mwaloni nao wananiita "tajiri wa ng'ombe". Nimezoea. Ila nikuambie ukweli wote: nina kofia 11, na mke wangu anazijua 4. Saba nimezihifadhi stoo ya rafiki yangu Kirumba. Nazipata soko la mitumba la Mlango Mmoja belo likifunguliwa, nyingine kwa shilingi 5,000, moja nililipa 40,000 na nikamwambia mke wangu kwamba mzigo wa wiki ile haukulipa.

Sasa ijumaa ya wiki iliyopita nilirudi nyumbani mchana nikaikuta pama ya babu kwenye kamba ya nguo, imebanwa kwa vibanio, jua la saa nane. Ameifua kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Ukingo umejikunjakunja kama bati lililokanyagwa, ukanda wa ndani umekakamaa kama ngozi ya samaki juani. Akaniambia, "Nimekufulia, kesho tunaenda kwetu." Kesho yake ilikuwa sherehe ya kumuaga mdogo wake, Sengerema. Nilimwambia maneno mbele ya watoto ambayo sitayaandika hapa. Sikwenda Sengerema. Alikwenda na watoto peke yake.

Jumatatu nikamkuta binti yetu wa miaka 10 mbele ya kioo ameivaa. Nilimnyang'anya. Alilia.

Nimeipima kwa futi kamba. Ilikuwa sentimita 58, sasa ni 54. Naomba unijibu: kofia inaweza kurudi? Je, ni kweli pama inanizeesha? Na mtu aliyeharibu ukumbusho pekee niliobaki nao wa babu yangu, namsameheje?

Wabeja.

Mpenda Pama, Buhongwa

*

Marahaba, baba.

Pole kwanza, na pole hiyo naitoa moyoni. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, tulikuwa tunavuka kwa kivuko, nami nikiwa msichana nilisimama pembeni mwa baba yangu upepo wa ziwa ulipoichukua kofia yake. Ilielea juu ya maji ikiwa wima, kama inasafiri. Baba aliitazama hadi ikawa nukta. Siku tatu baada ya hapo hakutoka kukaa barazani na wenzake. Kwa hiyo hukuhitaji kujieleza sana kwangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama mahali pamoja. "Nimekufulia, kesho tunaenda kwetu." Wewe umeliandika kama ungamo la mkosaji. Lisikilize upya. Huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka 13 anaona pama inamwaibisha. Siku anayokwenda kwao, mbele ya wazazi wake, shangazi zake na ukoo mzima, angeweza kuificha uvunguni na kukupigia pasi shati. Badala yake aliichukua kofia asiyoipenda, akachemsha maji, akaisugua kwa mikono yake ili uingie nayo Sengerema ikiwa safi. Alikuwa amekubali, baba. Alikuwa anakupeleka kwao jinsi ulivyo. Na wewe ukamjibu kwa yale maneno usiyotaka kuyaandika, kisha ukamwacha aende kueleza ukoo peke yake kwa nini mumewe hayupo. Hapo mwenye kuomba msamaha ni wewe, na uombe leo kabla ya mambo ya kofia.

Utaniambia: lakini angejua! Angejuaje? Nimetafuta kwenye barua yako mahali ulipomsimulia habari za babu, za pamba, za kuvikwa kofia ikafika puani. Sijapaona. Mimi umenisimulia vizuri kabisa, na hunijui. Kwake ilikuwa kofia moja kati ya nne, tena ile yenye madoa ya jasho.

Halafu ni fundi, na ufundi wake ndio ulimponza. Kitambaa anachokijua yeye kina uzi. Umesokotwa, ukafumwa, ukakatwa, ukashonwa. Pama ya babu yako haina uzi hata mmoja. Imetengenezwa kwa feliti, nayo ni manyoya matupu yaliyoshindiliwa: ya kondoo kwa zile za bei ya kawaida, ya sungura kwa zilizo bora, na zile za ghali kupita zote ya biva, mnyama wa mitoni kule nchi za baridi. Wewe ni mtu wa samaki, utanielewa haraka. Kila unywele wa manyoya hayo una magamba madogo mno, yote yameelekea upande mmoja. Yakipata maji ya moto, sabuni na kusuguliwa, nywele zinatambaa na kuingiana, magamba yanashikana, na hayarudi nyuma. Hivyo ndivyo feliti inavyotengenezwa kiwandani. Mkeo alipoiweka kwenye beseni aliendeleza kazi ileile pale mtengeneza kofia alipoishia, na feliti ikafanya inachojua kufanya: ikabana zaidi.

Ndiyo maana sitakudanganya. Kofia iliyotoka 58 hadi 54 hairudi 58. Sentimita moja, pengine mbili, mkono mwema unaweza kuzipata. Ukilazimisha zaidi itachanika pale ukingo unapokutana na kichwa cha kofia, na hapo umeipoteza kabisa.

Ila umbo linaokoka, na ukitaka kujaribu fanya hivi. Nenda kwa fundi seremala akuchongee kibao cha mti laini chenye umbo la kichwa, la yai na sio la duara, kwa kipimo unachokitafuta, na akipige msasa mpaka kiwe laini kama upawa. Ondoa utepe na ukanda wa ndani. Hiyo ni kazi ya mkeo, maana kuna nyuzi ndogo ambazo wewe utazikata vibaya. Chemsha maji kwenye birika. Ishikilie kofia juu ya mvuke, isiguse maji, uizungushe mpaka feliti ilegee mikononi kama mkate uliotoka kuiva. Ivute polepole juu ya kibao, kidogo kidogo pande zote, ikipoa irudishe kwenye mvuke. Ukingo uulaze mezani, uweke kitambaa kibichi juu yake na kuupiga pasi ya moto wa wastani. Kisha funga kofia kwa kamba pale utepe unapokaa, uiache kivulini hata siku mbili bila kuigusa. Mikono miwili haitoshi kwa kazi hii. Mmoja anashika, mwingine anavuta.

Ukanda wa ngozi ulionyauka usiuvute, utapasuka. Fundi viatu mzuri atakukatia mwingine wa ngozi nyembamba, na mkeo ataushona kwa mkono. Ule wa zamani wenye maandishi uweke kwenye bahasha.

Fanya kazi hiyo nje, penye upepo. Zamani, kushindilia manyoya ya sungura kulitanguliwa na kuyapaka dawa ya zebaki, ileile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita wanakamatia dhahabu. Mafundi wa kofia wa Ulaya na Marekani walitetemeka mikono na kuchanganyikiwa akili kwa sababu yake, na Marekani ilipiga marufuku mwaka 1941. Ikiwa kati ya kofia zako za Mlango Mmoja kuna moja ya kale kweli, hiyo usiipashe mvuke kabisa, na watoto wasiichezee.

Sasa zile saba za Kirumba.

Hapa nitakuwa mkali. Kofia si kosa. Mwanamume kutenga shilingi 5,000 kwa kitu kinachompa furaha, tena kitu cha kudumu, siioni kuwa dhambi, na wapo wanaomaliza zaidi ya hiyo kwa jioni moja. Lakini ulimwambia mkeo kwamba mzigo haukulipa. Siku ile alipunguza kitu nyumbani, baba. Labda ni mafuta ya kupikia, labda uzi wa cherehani, labda daftari la mtoto. Hukujua kwa sababu hukuuliza. Na ninahofia kwamba anajua. Mabatini na Kirumba hakuna umbali wa kuficha stoo, na mtu anayemwona mumewe akitabasamu wiki ambayo mzigo haukulipa huanza kuhesabu. Unapomkasirikia kwa kofia moja aliyoiharibu kwa bahati mbaya wakati umemficha saba kwa kukusudia, mizani hiyo haikai sawa hata ukiishikilia.

Zirudishe nyumbani zote. Usimpelekee hotuba, mpelekee kofia. Zipange kitandani, mwambie kila moja ulinunua lini na kwa bei gani, na ile ya 40,000 iseme ya kwanza. Kisha mwombe yeye, fundi, achague zipi zinakufaa na zipi ziuzwe. Jicho lake amelilipia kwa miaka mingi ya kuvisha watu. Fedha za zitakazouzwa ashike yeye.

Hilo linanileta kwenye swali la kuzeeka. Sidhani kwamba pama inamzeesha mtu, ila inaweza kumkalia vibaya, na asiyejua tofauti huona uzee. Ukingo usizidi upana wa uso sana. Kofia ikae juu kidogo ya masikio na katikati ya paji. Ikigusa masikio ni kubwa, ikiacha alama nyekundu ni ndogo. Kubwa inatibika kwa gazeti lililokunjwa na kupitishwa chini ya ukanda wa ndani. Tena kwa nini unavaa feliti saa saba mchana Mwaloni? Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na tuko karibu kabisa na ikweta. Jua hapa halina mchezo. Mchana vaa ya majani. Zile nyeupe laini ambazo dunia inaziita za Panama hufumwa Ecuador, kwa majani ya mmea uitwao toquilla, na UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2012. Jina walilipata kwa sababu zilipitishwa Panama kwenda kuuzwa. Sikiliza na neno letu lenyewe: pama. Hata ya ukindu itakufaa, mradi ukingo uwe mpana kiasi cha sentimita 7 na nusu, kipimo ambacho watu wa afya ya ngozi wanakipendekeza na ambacho ndugu zetu wenye ualbino wanakihitaji zaidi yetu sote. Feliti ibakize kwa jioni za Juni na Julai, asubuhi za baridi, na safari. Jasho litapungua, madoa yatapungua, na haja ya beseni itapungua pia.

Hao wa "tajiri wa ng'ombe" waache waite. Wanakutania, na jina lenyewe ni la heshima.

Nyingine zitunze. Zishike kwa ukingo, usizibane mbele pale penye mkunjo, maana hapo ndipo zinapotoboka. Zilaze kichwa chini, ukingo juu. Usiziache ndani ya gari lililofungwa. Ikinyeshewa ikung'ute, geuza ukanda wa ndani nje, iache ikauke kivulini, kisha ipitishie brashi laini. Madoa ya jasho kwenye feliti husuguliwa kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, hayafuliwi. Mfundishe mkeo haya kwa upole, naye atakuwa fundi wa kwanza Mabatini anayejua kutunza pama. Wazee wa mjini hapa hawana wa kumpelekea kofia zao. Sisemi zaidi, nyinyi ndio mtajua kama hiyo ni biashara.

Na Sengerema mwende. Bado unadaiwa. Ukifika mlangoni kwa wakwe, vua kofia kabla ya shikamoo, uishike mkononi, na uwaambie baba mkwe na mama mkwe kwamba siku ile ulikosea. Mkeo awepo anasikia.

Nimemwacha binti mwishoni kwa makusudi. Ulimnyang'anya kofia kama amegusa kitu cha wanaume. Zile pama laini zenye mkunjo katikati, ambazo wenzetu wanaziita fedora, jina lake lilianza kichwani mwa mwanamke. Mwaka 1882 huko Paris, mwigizaji Sarah Bernhardt alipanda jukwaani katika mchezo wa Victorien Sardou kama binti mfalme aitwaye Fédora, amevaa kofia laini ya feliti. Wanawake wakaifuata, wanaume wakaja baadaye. Mwanao hajavunja mila yoyote.

Nawe ulikuwa na umri gani babu alipokuvika? Yeye hakuogopa kwamba utaichafua.

Kwa hiyo kabla hujaenda kwa seremala, kabla hujaweka birika jikoni, chukua ile futi kamba ya mkeo. Mwite binti, mwombe radhi kwanza, umpime kichwa, juu kidogo ya masikio na katikati ya paji. Mtoto wa miaka 10 huwa 53 hivi. Kama ni 53, kunja kipande cha gazeti uweke chini ya ukanda, umvike, na umweleze ilikotoka. Ukingo tu ndio mtaunyoosha. Hicho kichwa cha kofia kiacheni kama kilivyo.